Daftari Lisilokuwapo: Habari za Kazi na Uchaguzi wa Masomo Mjini Mombasa

Katika Kiswahili cha mwambao neno kibarua halikuanza kuwa jina la mtu wala jina la kazi. Lilikuwa jina la karatasi. Barua ni waraka, na kibarua ni waraka mdogo, cheti alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa ili akionyeshe apate ujira wake. Na kwa kuwa mtu yule na cheti kile hawakuonekana kuachana, jina likahama karatasini likamkalia mwenye kuishika, kisha likaikalia na kazi yenyewe. Baadaye kikaja kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 ikatekelezwa baada ya Vita Vikuu vya kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita akalazimishwa kuchukua hati yenye jina lake, kwao alikotoka, tajiri aliyemwajiri na mshahara aliolipwa, imetiwa ndani ya kibweta cha bati ambacho wengi walikitundika shingoni. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kukusanya habari za kazi ni jambo geni katika nchi hii. Habari zilikusanywa kwa bidii kubwa. Ila zilikusanywa ili tajiri amjue mtumishi, amfuate akitoroka na ampunje akirejea, wala haikumpitikia mtu kwamba mtumishi naye ana haki ya kumjua tajiri, kuijua kazi kabla hajaingia ndani yake, na kujua waliotangulia waliishia wapi.

Jambo ninalotaka kulichambua hapa ni hilo lililosahauliwa: kwamba kijana anayechagua masomo apewe habari za kweli za soko la kazi, na kwamba habari hizo ziwe za namna ambayo yeye na wazazi wake waweza kuzitumia. Haja yake imezidi kuwa kubwa kuliko zamani. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mwanafunzi alisoma masomo mengi kwa pamoja hata akakaribia utu uzima, na uchaguzi mzito ulimkabili baada ya mtihani wa Kidato cha Nne, alipojaza majina ya kozi na vyuo. Mtaala mpya wa umilisi umeuleta uchaguzi huo nyuma. Kundi la kwanza la mtaala huu liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, na mwaka uliotangulia kila mmoja wao, akiwa Gredi ya 9 na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, alitakiwa achague mkondo mmoja katika mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; au sayansi za jamii; au sanaa na sayansi ya michezo. Mtoto ambaye nyumbani hatumwi sokoni pasi na kuandikiwa vitu vya kununua, ametumwa achague upande wa maisha yake, na karatasi aliyopewa ina majina ya mikondo, ya masomo na ya shule, lakini haina neno hata moja juu ya waliopita njia hiyo kabla yake.

Wazee wetu wa Mji wa Kale walikuwa na elimu yao ya soko la kazi, nayo haikuandikwa popote kwa sababu ilivuma. Kaskazi ilipoingia, tangu Disemba hata Machi, majahazi yalikuja kutoka Ghuba, Hadhramaut na Bara Hindi, na Bandari ya Kale ikajaa tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Kusi ilipogeuka yakaondoka na boriti za mikoko, mazao na watu. Mtoto wa Kibokoni au wa Mkanyageni aliyekaa juu ya ukuta karibu na Forodha aliyaona mambo yote kwa macho yake: aliwaona hamali wakipandisha magunia, madalali wakinadi, mafundi wa kalafati wakitia pamba na mafuta baina ya mbao, washonaji wa matanga, wapishi, wenye nyumba za kukodisha na waandishi wa barua. Alijua ni miezi gani yenye ujira na ni miezi gani ya kukaza mshipi, alijua fundi yupi ana wanafunzi wengi kuliko kazi, na alijua ni nani aliyejenga nyumba ya mawe kwa biashara gani. Soko lilikuwa dogo, na mwenye kulitazama alilitazama lote.

Walakini elimu ile ilikuwa na kasoro mbili, na mwenye insafu hawezi kuzificha kwa mapenzi ya zamani. Ya kwanza ni kwamba ilirithiwa kama nyumba inavyorithiwa: mtoto wa dalali alijua siri za udalali, na mtoto wa hamali, aliyepita mlango uleule kila siku na gunia mgongoni, hakuzijua, na msichana, ambaye mikono yake ilishona kofia zilizouzwa barazani na wanaume, hakuhesabiwa kuwa yumo sokoni hata kidogo. Ya pili ni kwamba macho hayapiti mlango wa bandari. Waingereza walipoanza mwaka 1896 kuitandaza reli kutoka Mombasa kwenda Uganda, na magati ya maji makuu yalipojengwa Kilindini katika miaka ya 1920, kazi ilihama upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa moja kwa miguu. Na fundi wa kalafati aliyemfundisha mwanawe kwa uaminifu wote alimfundisha ufundi ambao wateja wake walikuwa wakipungua mwaka hata mwaka. Hakumdanganya mwanawe. Alimpa habari alizokuwa nazo.

Kilindini yenyewe ilitufundisha somo ambalo mpaka leo hatujalihifadhi. Huko ndiko neno kibarua lilikopata uzito wake wote, maana maelfu ya watu waliajiriwa kwa siku, wakasimama alfajiri langoni bila kujua kama wataitwa. Na migomo ya mwaka 1939, ya Januari 1947 na ya 1955 ilitokana kwa sehemu kubwa na ujira usiotosha na maisha yasiyokuwa na yakini. Kisha kazi ya gatini ikatengenezwa, ikawa na mshahara na heshima, na jamaa nyingi za Majengo, Likoni na Changamwe zikaihesabu kuwa urithi. Halafu yakaja makontena. Sanduku moja la chuma lilibeba mizigo ambayo zamani iliwapa kazi watu wengi kwa siku nzima, na winchi moja yenye mwendeshaji mmoja ikaliinua kwa dakika chache. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha makontena zaidi ya milioni mbili kwa kipimo cha futi ishirini na shehena ya zaidi ya tani milioni arobaini, hesabu ambayo babu zetu wasingaliisadiki. Na bado hakuna mtu wa Mombasa atakayesema kwamba langoni pa bandari pana nafasi za vijana kwa kadiri hiyo. Kukua kwa biashara ni jambo moja, na kukua kwa ajira ni jambo la pili, na mshauri anayemwambia mwanafunzi kwamba bandari inapanuka kwa hiyo kazi zitakuwapo, ameviunganisha vitu viwili ambavyo dunia ilivitenganisha zamani.

Fauka ya hayo, soko laweza kugeuzwa kwa amri. Reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na serikali ikataka makontena yapande gari la moshi yakatolewe ushuru bara. Madereva wa malori, mataniboi, mafundi wa magari, wenye maghala, wauza vyakula wa Changamwe na Miritini na barabara nzima ya Mariakani waliiona riziki yao ikipita mbele yao juu ya vyuma. Mwaka 2019 watu walitoka barabarani Mombasa kuandamana, na mwezi wa Septemba 2022 serikali mpya ilitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi mjini. Ni hesabu gani ya wataalamu, iliyofanywa mwaka 2013 kwa ajili ya kijana aliyekuwa Kidato cha Kwanza, ingaliweza kumwambia hayo? Hakuna. Ndiyo maana nasema kwamba mwenye kuleta habari za kazi hana budi kusema pia kazi hiyo imesimama juu ya nini: juu ya haja ya watu, juu ya mashine isiyobadilika upesi, au juu ya sahihi ya mtu mmoja aliye mbali.

Sasa tutazame habari zilizopo, maana si kweli kwamba hakuna. Kila mwaka Shirika la Taifa la Takwimu hutoa Uchunguzi wa Uchumi, na ndani yake mna sura nzima juu ya ajira. Wizara ya Kazi ina mfumo wake wa habari za soko la kazi katika intaneti. Mamlaka ya Taifa ya Ajira iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Idara inayowapanga wanafunzi vyuoni, ijulikanayo kwa herufi KUCCPS, ina majedwali ya kozi na alama zinazotakiwa. Mtu mwenye subira, simu nzuri na Kiingereza cha ofisini aweza kuyasoma yote haya. Mama wa Kuze mwenye watoto watano, ambaye ndiye atakayetia rai ya mwisho usiku ule wa kujaza fomu, hawezi. Wala si kwa upungufu wa akili yake, bali kwa sababu hakuna aliyefikiri kumwandikia kwa lugha yake. Nimeona uchungu mara nyingi kuona kwamba katika mji ambao Kiswahili chake kimesifiwa pwani nzima, habari za riziki za watoto wa mji huo huandikwa kana kwamba wazazi wao si wasomaji.

Na takwimu hizo zasemaje? Uchunguzi wa mwaka 2025 ulieleza kwamba katika mwaka 2024 nchi ilipata kazi mpya zipatazo 782,300, na katika hizo 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi, hiyo tuiitayo jua kali. Maana yake ni kwamba kazi tisa katika kila kumi mpya hazikuwa na barua ya kuajiriwa, wala mshahara wa mwisho wa mwezi, wala malipo ya uzeeni. Jambo hili si la jana: ujumbe wa Shirika la Kazi Ulimwenguni uliokuja Kenya, ambao taarifa yake ilitoka mwaka 1972, ndio uliolifanya jina la sekta isiyo rasmi lienee duniani, na tangu hapo wataalamu wameandika juu yake zaidi ya nusu karne. Lakini ingia katika shule yoyote siku ya ushauri wa kazi, utamsikia mgeni akiwataja daktari, mhandisi, mwanasheria, rubani wa ndege na mhasibu, kazi ambazo zote pamoja zimo katika ile sehemu moja ya kumi, na zile tisa hazitajwi ila kwa kutishia: usiposoma utaishia huko.

Hapa ndipo ushauri wetu unapokosa ukweli kuliko pengine popote. Jua kali si shimo moja analotupwa aliyeshindwa. Ni mji mzima wenye mitaa yake, tajiri na maskini, wenye maarifa na wasiokuwa nayo. Mji wa Kale unaishi kwa kazi hizo. Yupo fundi wa nakshi anayechonga milango, ambaye mlango mmoja humkalisha wiki kadha wa kadha, na lazima ajue mbao, hesabu za vipimo na namna ya kuzungumza na mteja wa hoteli. Yupo mpishi wa harusi anayeweza kupika pishi za mchele kwa mamia ya watu bila kipimo kingine ila jicho lake. Wapo wapaka hina, washona kofia na mabuibui, wakaanga mahamri wa alfajiri, waongoza wageni wa Ngome ya Yesu, na madereva wa tuktuk wanaolipia chombo cha mtu mwingine kila jioni. Wengi wa hao wanaofanyia kazi zao nyumbani ni wanawake, na ada za shule za nusu ya watoto niliowafundisha zilitoka katika sufuria na sindano zao. Kijana anayeelekea huko anastahili kuambiwa mtaji wa kuanzia ni kiasi gani, mafunzo huchukua miaka mingapi, leseni hutoka ofisi gani, Ramadhani huleta nini na miezi ya mvua huondoa nini. Tena anastahili kujua kwamba masomo ya hisabati na biashara yatamfaa huko kama yanavyomfaa karani. Habari hizi hazimo katika jedwali lolote la taifa, na hata hesabu kuu yenyewe ya ajira haiwatii ndani wakulima wadogo wala wafugaji.

Iko hatari nyingine katika takwimu, nayo ni hatari ya kuziamini upesi. Mchumi wa Marekani Richard Freeman, katika miaka ya 1970, alieleza namna wanafunzi wa uhandisi wa kwao walivyokuwa wakifuata mishahara ya mwaka wa kuingia chuoni: mishahara ilipopanda waliingia wengi, na baada ya miaka minne wakatoka wengi kwa pamoja, mishahara ikashuka, walioingia wakapungua, kisha upungufu ukaipandisha tena. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili bila kitabu. Mmoja akirudi na ngalawa imejaa changu kutoka mwamba fulani, kesho yake ngalawa ishirini zitakuwa juu ya mwamba uleule, na keshokutwa hakuna samaki. Tumeliona kwa ualimu, ambao wazazi wa pwani waliushauri kwa miaka mingi kuwa kazi yenye usalama, hata maelfu ya walimu waliohitimu wakawa wanangoja kuajiriwa. Habari isemayo kwamba kazi fulani inatakiwa sasa haijakamilika mpaka iseme pia ni wangapi wameshaingia njiani kuifuata.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na moyo wangu ni wa ubaharia, nami nitakaa hapo kidogo, maana Mombasa na bahari hazitengani. Tumaini la kuwafundisha vijana wa pwani kazi za bahari ni la zamani. Chuo cha Mafunzo ya Waislamu cha Mombasa, kilichojengwa baada ya Vita Vikuu vya pili kwa fedha za serikali ya Kiingereza na misaada ya Sultani wa Unguja, Aga Khan na Mabohora, kiliwekwa kwa ajili ya kufundisha ufundi, ukiwamo wa vyombo na mitambo ya bahari. Ndicho kilichogeuka baadaye kuwa politekniki, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo cha Bandari nacho mwaka 2018 kiligeuzwa kuwa Chuo cha Mafunzo ya Bahari cha Bandari, katika siku ambazo kila kiongozi alinena juu ya uchumi wa buluu. Na habari za ulimwengu zilikuwa njema: taarifa ya jumuiya za wenye meli ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba ifikapo 2026 meli za dunia zingehitaji maofisa 89,510 zaidi.

Hesabu ile haikuwa ya uwongo, na bado ilimpoteza kijana mmoja wa mtaani petu, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe na kumshauri mimi mwenyewe. Alikuwa hodari wa hisabati, mtulivu, mwana wa mvuvi. Nilimwambia aende akasome ubaharia kwa kuwa dunia inataka mabaharia, akaenda, akafaulu darasani. Asilolijua, nami nisilolijua, ni kwamba kwa mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978 mtu hawi ofisa wa sitahani kwa kufaulu darasani tu. Sharti awe ametumikia baharini, miezi isiyopungua kumi na miwili akiwa katika mafunzo yaliyoidhinishwa, au miezi thelathini na sita asipokuwa katika hayo, ndipo apewe cheti cha ustahiki. Na ili atumikie baharini lazima apatikane mwenye meli atakayempokea. Nchi zenye meli nyingi, au zenye mawakala waliozoeana na wenye meli kwa vizazi viwili vitatu, kama Ufilipino na Uhindi, huwapata. Nchi isiyo na meli zake huwatuma vijana wake wakabishe milango. Kenya iliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya nchi ambazo vyeti vyake vya ubaharia vinakubaliwa, jambo la kushukuriwa, lakini orodha haimpi mtu kitanda melini.

Alinijia barazani baada ya miaka miwili ya kungoja. "Shikamoo, Maalim," akasema, akakaa. Nilimwitikia, nikamuuliza habari za meli. "Maalim, mimi nilisoma kwa sababu niliambiwa meli zaja," alisema kwa adabu, wala hakusema aliambiwa na nani.

Nimelifikiri jibu lile kwa muda mrefu. Kijana yule hakuhitaji kujua dunia imepungukiwa na maofisa wangapi. Alihitaji mambo matatu madogo: katika walioingia darasa lile mwaka uliopita walikuwa wangapi, katika hao ni wangapi waliopata nafasi melini, na katika waliopata nafasi ni wangapi waliorudi na cheti. Hesabu tatu ambazo zingeandikwa juu ya nusu karatasi. Lau angalizijua pengine angalikwenda vilevile, maana vijana wana haki ya kujaribu jambo gumu, lakini angalikwenda akijua mahali penye mwamba, na mimi ningalianza kumtafutia nafasi siku ya kwanza badala ya siku ya mwisho.

Hii ndiyo rai yangu, nami naiweka mbele ya wote wanaoshughulika na elimu katika kisiwa hiki: kwamba habari yenye manufaa kuliko zote kwa mwanafunzi si ubashiri wa nchi nzima, bali ni kumbukumbu ya kweli ya waliosoma shule yake, chuo chake na kozi yake, wako wapi sasa na wanaishi kwa nini. Kila shule ya Mombasa ina daftari la mahudhurio, la ada na la alama za mtihani. Ni nadra kuona lenye majina ya waliomaliza miaka mitano iliyopita na kando ya kila jina kazi yake, muda aliongoja kabla ya kuipata, na aliipataje. Tunamhesabu mtoto kila asubuhi maadamu yumo darasani, na siku anapotoka mlangoni, siku ambayo ndiyo iliyokusudiwa na mahudhurio yote yale, tunaacha kumhesabu. Alama za mtihani hutangazwa kwa ngoma, na mwisho wa mambo haujulikani hata na mwalimu mkuu.

Kazi hii haihitaji ofisi mpya. Wahitimu wa karibu wana makundi yao katika simu. Mwalimu mmoja na wanafunzi wanne wa Kidato cha Nne waweza kuyakusanya majibu kwa likizo moja. Shule za sekondari za mji huu, vyuo vya ufundi na chuo kikuu, kila kimoja kikitangaza ukurasa wake mmoja kwa Kiswahili, ukabandikwa ukutani na kusomwa siku ya mkutano wa wazazi, tutakuwa na elimu ambayo hakuna jedwali la Nairobi litakalotupa. Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya kuwashauri vijana juu ya kazi katika mji wa Boston mwaka 1908, alitaka mambo matatu: mtu ajijue nafsi yake, azijue kazi na masharti yake, kisha azilinganishe kwa fikira za kweli. Katika hayo sisi tumelisisitiza la kwanza, tukawauliza watoto wapenda nini, na la pili tumeliacha wazi. Wala mtu asidharau nguvu ya habari ndogo. Robert Jensen, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, aliwaeleza wavulana wa darasa la nane katika Jamhuri ya Dominika mishahara ya kweli ya watu waliomaliza sekondari na ya wasiomaliza, kwa mazungumzo mafupi tu, na walioelezwa wakaendelea na shule zaidi ya wenzao wasioelezwa.

Wako watakaosema kwamba kumpimia mtoto masomo kwa mizani ya ujira ni kuidhalilisha elimu. Naiheshimu hofu hiyo, na mimi mwenyewe nimefundisha miaka mingi kitu kisicholipa. Lakini nawakumbusha kwamba Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa mji huu aliyefika cheo cha Kadhi Mkuu, alipotoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, hakuona aibu kuwaambia watu wake kwa Kiswahili, karibu na mafundisho ya dini, kwamba wanaachwa nyuma katika shule na kazi za zama zao. Hakuona kwamba riziki na adabu ni maadui. Habari za kazi hazimkatazi mtoto kusoma ushairi; zinamwambia mshairi wa mji huu huishi kwa kazi gani nyingine, ili aipange mapema na ushairi wake usife njaa.

Liko pingamizi zito zaidi, nalo ni la kujuana. Watu wengi wa pwani wanaamini kwamba nafasi hutolewa kwa jamaa na kwa wenye kutoa chochote, na kwa imani hiyo habari zote huonekana upuuzi. Siwezi kusema kwamba imani hiyo haina asili. Lakini kujuana hunawiri gizani: aliye na ami yake ofisini ndiye asikiaye kwanza kwamba nafasi imetoka na ni masomo gani yanayotakiwa, na wengine husikia ilipokwisha. Tangazo la wazi haliuvunji mlango uliofungwa. Linawaonyesha watu wote ni mlango upi uliofungwa na ni nani aliyeufunga, na hilo si dogo. Kadhalika kwa wanaokwenda Ghuba kutafuta kazi. Serikali ilisimamisha safari hizo mwaka 2014 kwa ajili ya mateso yaliyosikika, kisha zikaruhusiwa tena kwa masharti ya kuandikisha mawakala. Na bado msichana wa Kisauni hupata habari zake za kazi ya Riyadh kwa wakala ambaye hulipwa akienda, wala halipwi akirejea salama. Waliorejea wapo mitaani mwetu. Wanajua mshahara ulioahidiwa na ulioletwa, na hatujawauliza.

Yule kijana wangu sasa hutengeneza mashini za mashua karibu na Bandari ya Kale, na wavuvi humpenda kwa kuwa mkono wake mwepesi na hesabu zake za haki. Mwaka jana dada yake alikuwa Gredi ya 9. Mama yao alinijia na fomu baada ya sala ya alasiri, akaniuliza wa mkondo wa sayansi huenda wakawa nini, na mara hii sikumjibu kwa maneno ya magazeti. Nilimwomba kijana aketi nasi, nikachukua daftari jipya, na tukaanza kuandika majina ya darasa lake mmoja mmoja: huyu yuko wapi, anafanya nini, alingoja miaka mingapi. Mama naye alikuwa akitukumbusha, maana wengine alijua habari zao kwa mama zao. Binti alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Tulipofika jina la ishirini na tatu ikatolewa adhana ya magharibi, na yalikuwa yamesalia majina kumi na tisa ambayo hakuna kati yetu aliyejua wenyewe waliko.